Msimbo tuliutoa bure, sasa wanataka na jina

Assalamu alaykum Maalim,

Naandika kutoka Wete, Pemba. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika skuli ya sekondari. Mimi na wenzangu wawili tuliandika programu ya simu tukaiita Bamvua. Tulianza mwaka 2019, baada ya kuona mama zetu wa Makangale wanavyoandika kilo za mwani kwenye madaftari yanayolowa maji ya chumvi, halafu siku ya malipo mnunuzi anataja hesabu yake na daftari halisomeki. Programu inafanya mambo mawili tu. Inaonyesha siku za bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kutoka sana, na saa ya maji kutoka, ili mtu ajue lini atafunga mbegu na lini atavuna. Na inaweka hesabu: kilo za spinosamu na kilo za kotonii, ambazo ni aina mbili za mwani, bei ya siku ile, nani keshalipwa na nani bado anadai.

Msimbo wote, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, tuliuweka GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo, chini ya leseni huria iitwayo MIT, tukasema anayetaka achukue. Biashara haikuwa nia yetu. Na watu walichukua kweli. Kijana mmoja wa Kwale, Kenya, aliitengeneza upya sehemu ya majira ya maji kwa ajili ya wanawake wa Kibuyuni, kisha akaturudishia alichokifanya. Jambo lile lilitufurahisha mno.

Mwaka jana kampuni moja ya Mjini, Unguja, iliuchukua msimbo huo huo, ikaongeza malipo kwa simu na ripoti za wanunuzi, ikaanza kuuzia makampuni yanayonunua mwani. Mpaka hapo hatukusema kitu, kwa sababu leseni inaruhusu. Lakini wanaiuza kwa jina la Bamvua, na nembo yetu wameibadilisha rangi tu. Akina mama wakaanza kutupigia simu sisi, wanalalamika kwamba Bamvua inawakata pesa. Yetu haikati hata senti.

Mwezi uliopita tulipokea barua ya wakili wao. Anasema wameshapeleka maombi ya kusajili Bamvua kuwa alama yao ya biashara, kwamba tulipoitoa programu kwa leseni huria tuliachia haki zote, na kwamba tubadilishe jina ndani ya siku 30 na kuwakabidhi ukurasa wetu wa Play Store.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mmoja wa sisi watatu, mtoto wa ami yangu, ameajiriwa na kampuni hiyo. Domeni yetu, yaani anwani ya tovuti, aliisajili yeye, kwa barua pepe yake mwenyewe. Nikimuuliza ananyamaza. Mama anasema nimwachie Mungu, undugu usivunjike kwa sababu ya jina la programu. Mwenzangu mwengine amekasirika, anataka tufute kila kitu mtandaoni ili na wao wakose pa kuchukua masasisho. Mimi nimebaki katikati.

Maalim, ni kweli kwamba tulipotoa msimbo tulitoa na jina? Tupigane, au tubadilishe jina tuendelee na kazi? Na huyu ndugu yangu nimfanyeje?

Mwalimu, Wete

*

Waalaykumu ssalaam, mwanangu.

Hizo siku 30 zisikukoseshe usingizi. Amezipanga wakili wa upande wa pili. Hazikupangwa na sheria wala mahakama. Tarehe ya kuihofia ni nyingine, nayo ni siku ya mwisho ya kuweka pingamizi kwa Msajili. Kupeleka maombi si kusajiliwa. Maombi ya alama hutangazwa ili mwenye la kusema aseme, na muda huo ukipita kimya, kuliondoa jina ambalo limeshaingia kwenye daftari ni kazi ndefu na ya gharama kuliko kulizuia lisiingie.

Kwa hiyo kabla hujamjibu wakili yeyote, wasiliana na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, yaani BPRA. Uliza kama maombi ya Bamvua kweli yapo, yalipokelewa lini, yameombwa kwa madaraja gani ya bidhaa na huduma, na mwisho wa pingamizi ni tarehe ngapi. Majibu uyapate kwa maandishi.

Uliza pia BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara. Wengi wetu hatulijui hili: alama za biashara si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwandani Namba 4 ya mwaka 2008 na daftari lake, Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 na daftari lake. Alama iliyosajiliwa huku haimfungi mtu kule, wala ya kule haimfungi mtu huku. Kama kampuni imeomba Bara peke yake, barua ya wakili haina nguvu ya usajili wowote kwa kazi yenu ya Makangale. Kama imeomba Zanzibar, ndipo pa kusimama.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, hamkutoa jina.

Leseni ya MIT ni fupi, isome tena yote. Inaruhusu kutumia, kunakili, kubadilisha, kusambaza, hata kuuza programu. Hakuna mahali inapotaja alama ya biashara. Ruhusa iliyomo humo ni ya hakimiliki, yaani haki juu ya kilichoandikwa, na jina linalomwambia mtumiaji kazi hii imetoka kwa nani ni haki ya aina nyengine. Leseni nyengine huria zimelisema hili waziwazi. Leseni ya Apache, toleo la 2.0, kifungu cha 6, inatamka kwamba haitoi ruhusa ya kutumia majina ya biashara wala alama za mwenye programu, isipokuwa pale inapohitajika kueleza asili ya kazi. Leseni ya GPL, toleo la 3, katika kifungu cha 7, inamruhusu mwandishi kuongeza sharti la kukataa kutoa haki za alama. Ya MIT imenyamaza, na kunyamaza si kutoa. Mwenye chombo akikuruhusu kuunda mfano wa jahazi lake, hajakuruhusu kuandika jina la jahazi lake ubavuni mwa lako na kwenda kuchukua abiria wake.

Lakini nawe lazima ukubali upande wa pili wa jambo hili kwa moyo mweupe. Kampuni ina haki ya kuuza msimbo wenu. Ina haki ya kusema, kwa ukweli, kwamba bidhaa yake imejengwa juu ya Bamvua ya Wete. Ukipeleka pingamizi linalonung'unika kwamba wanatajirika kwa jasho lenu, Msajili hatakuwa na la kukusaidia, maana mliwaruhusu. Lalamiko lenu liwe moja: mama wa Makangale anapoona jina Bamvua anadhani ni nyinyi, kumbe siyo, na anakatwa pesa kwa kudhani hivyo. Zile simu mlizopigiwa ndizo ushahidi wa mkanganyiko, na mkanganyiko ndio kiini cha sheria ya alama popote duniani. Andika kila simu: nani alipiga, tarehe gani, alisema nini. Wanaokubali kutia saini, watie.

Kuna jambo jengine la kuangalia leo hii. Sharti pekee la MIT ni kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki katika kila nakala. Ifungue programu yao, tafuta ukurasa wa leseni. Kama majina yenu yamefutwa, wamevunja sharti, na hilo ni dai la hakimiliki linalosimama peke yake, hata kama la jina lingeanguka.

Nembo ina mushkeli kidogo. Kama faili lake mliliweka ndani ya hazina ile ile ya msimbo bila kulitenga, wanaweza kusema leseni inaufunika na mchoro. Kwa mchoro kama mchoro, hoja yao inasikilizika. Kwa mchoro kama alama ya kumtambulisha mtu, haisikilizwi. Mradi wa Debian, unaotoa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, uliliona mapema, ndiyo maana una nembo moja ya kila mtu na nyengine ya mambo rasmi ya mradi. Na ni nembo iliyoanzisha mzozo wa Debian na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, mwaka 2006: Debian hawakuweza kuisambaza nembo ya Firefox kwa masharti yake, Mozilla wakasema basi na jina msilitumie, na kwa miaka kama 10, mpaka 2016, watumiaji wa Debian walikuwa na kivinjari kile kile kikiitwa Iceweasel. Tangu leo itoe nembo kwenye hazina ya msimbo, iweke peke yake na masharti yake.

Kisa kinachofanana zaidi na chako ni cha Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta. Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991, na hakusajili jina. Katikati ya miaka ya 1990 mtu mmoja wa Marekani, William Della Croce, alilisajili neno Linux kwa jina lake kisha akaanza kuyadai malipo makampuni yaliyokuwa yakilitumia. Makampuni hayo na Torvalds waliomba usajili ufutwe. Mwaka 1997 wakasuluhishana, na alama ikakabidhiwa kwa Torvalds. Msimbo ulikuwa huria siku zote hizo, na hakuna aliyekubali kwamba uhuria wake ulimpa mtu wa pembeni haki ya kulimiliki jina. Lakini jina lilipatikana kwa sababu waliolitumia mwanzo walisimama pamoja wakiwa na ushahidi mkononi.

Wako ni upi? Historia ya msimbo GitHub, yenye tarehe ya kila badiliko tangu 2019. Siku programu ilipoingia Play Store. Picha za mafunzo, mabango, ujumbe wa makundi ya WhatsApp. Mtu wa Kwale aandike kwamba aliijua Bamvua kuwa ni yenu. Na usidharau barua ya sheha: sheha akithibitisha kwamba kikundi chenu kiliwafundisha wakulima wa mwani wa shehia yake programu yenye jina hilo kabla kampuni haijaomba, hapo kuna matumizi ya jina ndani ya Zanzibar, na yametangulia. Kusanya vyote hivyo kabla hujafika kwa wakili. Kuhusu wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake. Anzia pale wakuelekeze kwa anayejua mambo ya alama.

Nikwambie na udhaifu wenu, maana wakili wao ataufikia. Bamvua ni neno la kila mvuvi. Kwa programu inayoonyesha siku za bamvua, jina hilo linaeleza tu kilichomo, na alama inayoeleza bidhaa ni dhaifu kuliko zote. Huwezi kumzuia mtu wa Nungwi asiandike bamvua kwenye kalenda yake ya maji. Ila udhaifu huu unawagusa wao kuliko nyinyi, kwa kuwa wao ndio wanaoomba kulimiliki. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno kikoy kule kwao. Wafanyabiashara wa Kenya, pamoja na waliowaunga mkono hapo hapo Uingereza, wakaweka pingamizi kwamba ni jina la nguo yenyewe, na maombi yale yakaanguka. Hoja hiyo muiweke ya pili katika pingamizi lenu. Ya kwanza ni ile ya kuwapotosha watumiaji, na ya kwamba walijua. Msimbo waliuchukua kwenye ukurasa ulioandikwa Bamvua juu, hawawezi kusema jina lilikutana nao njiani.

Angalia pia madaraja waliyoomba. Programu za kupakua huwa katika daraja la 9, huduma za programu mtandaoni katika daraja la 42, mambo ya fedha na malipo katika daraja la 36. Wakiwa wameomba la 36 tu, mzozo ni mdogo kuliko barua inavyotisha na unaweza kumalizwa kwa mazungumzo. Wakiwa wameomba la 9 na la 42, wanataka kukaa mahali pako hasa.

Nafika penye maumivu. Nani mwenye jina la Bamvua? Katika barua yako nimeona watu watatu, na domeni katika barua pepe ya mmoja wao ambaye sasa anafanya kazi upande wa pili. Sijaona jumuiya, ushirika, wala karatasi moja iliyosainiwa. Hapa ndipo miradi mingi huria inapopoteza jina.

Gerald Combs aliitoa Ethereal mwaka 1998, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mitandao. Mwaka 2006 alihama kazi. Msimbo aliondoka nao, kwa kuwa ulikuwa huria, lakini alama ya Ethereal ilibaki kwa mwajiri wake wa zamani, na mradi ukabidi uitwe Wireshark. Kohsuke Kawaguchi aliiandika Hudson, programu ya kuwasaidia waandishi wa misimbo, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Sun. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 ikasema jina ni lake, na Januari 2011 jamii ya watumiaji ikapiga kura kwa wingi mkubwa kuhamia jina la Jenkins. Mwaka 2005 waandishi wa Mambo, programu ya kutengenezea tovuti, walitofautiana na kampuni ya Australia iliyoshika jina hilo, wakatoka na msimbo wao, wakaanza upya kwa jina la Joomla, walilolitoa kwenye neno letu jumla. Kote huko waliofanya kazi walikuwa hai, kazi ilikuwa mikononi mwao, na jina lilikuwa kwa mwengine.

Walinganishe na GNOME, mradi huria wa mwonekano wa skrini ya kompyuta. Mradi ule ulianza 1997, ukawa na taasisi yake na alama iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Mwaka 2014 Groupon, kampuni kubwa ya Marekani, ilitoa bidhaa iitwayo Gnome na kupeleka maombi ya alama zaidi ya 20. Mazungumzo ya faragha hayakufika popote. Novemba taasisi ikalitangaza jambo hadharani na kuomba watu waichangie dola 80,000 za kuendeshea kesi. Siku hiyo hiyo Groupon ikasema inaliacha jina. Waliweza kwa sababu palikuwa na mtu mmoja kisheria wa kusema "hili ni letu".

Basi andikisheni jumuiya au ushirika sasa, hata kabla pingamizi halijaisha, na mhamishie huko kwa maandishi jina, nembo, domeni, ukurasa wa GitHub na akaunti ya Play Store. Ningependa wawemo ndani yake wakulima wa mwani wenyewe, watu wawili watatu wa Makangale au Tumbe. Jina linawahusu wao zaidi kuliko linavyotuhusu sisi tunaoandika misimbo, na siku yenu ikifika ya kuolewa Unguja au kupata kazi Muscat, litakuwa na wa kulishika.

Kupigana au kubadilisha? Wekeni pingamizi, na liendesheni mpaka Msajili aamue. Gharama yake inabebeka, na msipolifanya mtakuwa mmekubali kwamba kila kilichotolewa kwa ukarimu kinaweza kuchukuliwa na mwenye wakili. Lakini likiamuliwa dhidi yenu, mimi sikushauri kwenda mahakamani kwa miaka. Badilisheni jina mwendelee. Wireshark haikufa, Jenkins haikufa. Aliyebaki na jina la Hudson ndiye aliyefifia, kwa sababu watu walifuata kazi na waliokuwa wakiifanya.

Tena uchaguliwe mapema, sasa hivi mkiwa na utulivu, jina la akiba. Mozilla wanajua tabu ya kuchagua kwa haraka. Kivinjari chao kiliitwa Phoenix mwaka 2002, kampuni ya Phoenix Technologies ikalalamika, wakakiita Firebird Aprili 2003. Kumbe palikuwa na mradi huria wa hifadhidata ukiitwa Firebird tangu mwaka 2000, na wale wakakasirika, wana haki. Februari 2004 ndipo kikawa Firefox. Nyinyi tafuteni kwenye daftari la BPRA, la BRELA, na la Kenya kwa ajili ya wenzenu wa Kwale. Tafuteni kwenye hifadhi ya alama ya WIPO, shirika la dunia la hakimiliki na alama, ambayo ni ya bure, kisha GitHub, Play Store na domeni. Mchague neno lisiloeleza bidhaa. Neno la kubuni, au lisilohusiana na mwani wala maji, linalindika vizuri zaidi.

Kubadilisha jina si msiba kiufundi. Jina linaloonekana Play Store linabadilishwa wakati wowote, na kitambulisho cha ndani cha programu kinabaki vile vile, kwa hiyo mama atapata sasisho kwenye simu ile ile na hesabu zake zitakuwepo. GitHub nayo humpeleka kwenye jina jipya anayefuata kiungo cha zamani.

Ila ukurasa wa Play Store msiukabidhi. Nalirudia kwa kuwa ndilo lililonishtua zaidi katika barua ya wakili. Ukurasa ule si jina. Anayeushika anaweza kupeleka sasisho katika simu za akina mama wote walioiweka programu yenu, na ndani ya simu hizo kuna madeni yao, bei zao, na nani anamuuzia nani. Mnunuzi wa mwani angependa sana kuvijua. Hata mkishindwa jina, mtalitoa jina tu.

Mwenzako anayetaka kufuta kila kitu, mwambie habari ya Machi 2016. Mwandishi mmoja wa programu alikuwa na kifurushi cha msimbo kiitwacho kik katika npm, hazina ya vifurushi vinavyotumiwa na programu nyengine, kampuni ya Kik ikalitaka jina, na wenye hazina wakaipa. Kwa hasira akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimoja kati yao, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo, lakini miradi maelfu ilikuwa imekiegemea, ikaanguka ndani ya saa chache. Kampuni haikudhurika; waliodhurika ni watu wasiojua hata ugomvi ulipo. Na nyinyi mkifuta, kampuni ina nakala yake tayari. Atakayekosa ni mama aliyebadilisha simu.

Kuhusu mtoto wa ami yako, mama yako ana haki ya kuuogopea undugu, na njia ya kuuokoa ni kumwambia mambo machache yaliyo wazi. Nenda kwa ami mwenyewe, mkae na huyo kijana mbele yake. Usimwombe siri za kampuni, wala barua zao, wala usimtake aache kazi. Ukimweka kati ya riziki na ndugu utamkosa. Mwombe mawili. La kwanza, ahamishe domeni kwa jumuiya, kwani aliisajili kwa niaba ya watatu. La pili, aandike na kutia saini kwamba jina Bamvua lilikuwa la kikundi tangu 2019 na kwamba yeye peke yake hakuwa na mamlaka ya kumpa mtu. Hili la pili ndilo zito. Naona hatari kwamba kampuni itasema mmoja wa waanzilishi ndiye aliyewaletea jina, na akinyamaza kimya chake kitasomwa hivyo. Akikataa yote mawili, msimgombeze. Wekeni pingamizi na sahihi mbili, na msajili domeni nyengine siku hiyo hiyo.

Wakili wao mjibuni kupitia wakili wenu, kwa sentensi chache: hatukutoa haki ya jina, tunalitumia tangu 2019, tunapinga maombi, na tuko tayari kuzungumza. Mkizungumza, wapeni njia ya kutokea. Waite bidhaa yao jina lao, waseme imejengwa juu ya Bamvua, warudishe majina yenu kwenye ukurasa wa leseni, nanyi hamtawadai chochote kwa yaliyopita. Yaandikwe na kusainiwa. Na mazungumzo msiyaache yakafungia kazi: waandishi wa Gaim, programu ya kutumiana ujumbe, walivutana na kampuni ya AOL kwa muda mrefu juu ya herufi tatu za AIM, jina la programu ya ujumbe ya AOL, toleo lao la 2.0 likakwama huku wakisubiri, mpaka Aprili 2007 wakakubali kuwa Pidgin. Endeleeni kutoa masasisho kila mnapokuwa nayo.

Katika sasisho la kwanza baada ya barua hii, wekeni ujumbe mfupi programu inapofunguka: programu hii imetengenezwa Wete, ni ya bure, haikati pesa, ukikatwa, unatumia nyengine, tupigie. Msiitaje kampuni.

Ukishapata majibu ya BPRA, niandikie unitajie tarehe ya maombi na madaraja, nami nitaisoma rasimu ya pingamizi lenu kabla hamjaipeleka.